Mjomba, Shingo Nyeusi na Viganja vya Taulo

Mjomba wangu alikuwa akiuza samaki wakavu sokoni Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na viganja vyake vilipoanza kukakamaa sote tuliilaumu chumvi. Shingo na makwapa yalikuwa yamegeuka meusi tii, ngozi ikawa nene na laini kwa kuigusa kama mahameli. Mkewe alimsugua kwa dodoki hadi akachubuka, na duka la dawa likatuuzia dawa ya fangasi mara tatu.

"Ni chumvi hiyo, mpwa wangu," mjomba aliniambia siku nilipomshika mkono chini ya taa. Mistari ya kiganja ilikuwa imeinuka, ngozi ikafanana na ule utumbo wa ng'ombe ambao wauza supu huuita taulo.

Nikutoe hofu kwanza: kwa watu wengi shingo nyeusi ya namna hiyo hutokana na unene au mwili kutoitikia insulini vizuri, na kinachofaa ni kupima sukari. Kilichopaswa kutushtua ni kwamba mzee aliyepita miaka 60 alikuwa amebadilika hivyo kwa miezi michache, huku akikonda. Weusi huo ukiambatana na viganja vya taulo, kinachoshukiwa zaidi ni saratani ya tumbo, nayo ndiyo iliyoonekana kwa mjomba. Viganja vikiwa peke yake, hushukiwa zaidi saratani ya mapafu. Uvimbe uliojificha humwaga kemikali zinazochochea ngozi kukua, ndiyo maana dawa zetu za kupaka hazikufua dafu.

Usipuuze pia mwasho wa mwili mzima usio na upele, hasa ukija na jasho la usiku, kwani saratani ya tezi za limfu huweza kuanza hivyo, ingawa mwasho una sababu nyingine nyingi zisizo saratani. Vilevile, kope zikipata rangi ya zambarau, ambayo kwetu wenye ngozi nyeusi huweza kuonekana kama weusi tu, na kuinuka kitini kukawa kazi, muone daktari.

Ukifika kwake, usionyeshe ngozi peke yake. Taja uzito, hamu ya kula na rangi ya choo, kisha uliza kama unahitaji kipimo cha tumbo cha mpira wenye kamera. Huku Kanda ya Ziwa, hospitali ya Bugando, Mwanza, wana huduma za saratani, hivyo si lazima safari ianzie Dar es Salaam.

Sisi tulionyesha shingo tu, miezi mitano, katika vituo viwili. Daktari wa tatu alitazama kwanza mkanda wa suruali ya mjomba, uliokuwa na matundu mawili mapya ya msumari wa moto, akauliza, "Mzee, haya umeyatoboa lini?"