Maswali ya wasomaji: Mbegu ya nyanya huchaguliwa kwenye shina, si kwenye tenga

Kipupwe ndicho kipindi cha wapenda nyanya wa Dodoma. Usiku una baridi, maua hayapukutiki ovyo, na barua zinazotufikia huongezeka. Safari hii tumeweka pamoja zile zinazohusu kutunza mbegu, kuchanganya aina na kugawiana.

Mwaka jana nilipanda nyanya ya F1, nikavuna vizuri sana, nikatunza mbegu. Sasa miche 30 imetoa nyanya za kila namna: ndefu, fupi, za mviringo, za umbo la yai. Je, nilichanganya mbegu? Niing'oe yote? (Msomaji, Ihumwa)

Hukuchanganya kitu, wala usiing'oe. F1 ni mtoto wa wazazi wawili wasiofanana. Miche yote ya F1 hulingana kwa sababu kila mmoja umepata urithi ule ule kutoka kwa mama na kwa baba. Mbegu ulizotoa ndani ya matunda yake ni wajukuu, yaani F2, na kwa wajukuu urithi ule unagawanyika upya, kila mche na bahati yake.

Ulicho nacho shambani ni mwanzo wa aina yako mwenyewe. Nyanya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo kila kizazi mchanganyiko uliobaki hupungua kwa nusu: F2 asilimia 50, F3 25, F4 12.5, F5 kama 6, F6 kama 3. Ukifika F6 au F7, miche inatoka sawasawa. Mwenye maji ya kumwagilia anaweza kupata vizazi viwili kwa mwaka, hivyo kazi nzima ni ya miaka mitatu hivi.

Chagua mashina mawili au matatu yaliyokupendeza na tunza mbegu za kila shina kwenye bahasha yake. Hapo ndipo wengi hukosea: wanakamua matunda yote mazuri kwenye kopo moja, na msimu unaofuata hawajui kipi kimetoka wapi. Msimu ujao panda miche 10 hadi 12 ya kila bahasha. Bahasha iliyotoa ndugu wanaofanana na wazuri ndiyo uendelee nayo; iliyotoa mmoja mzuri sana kati ya wabaya tisa iwe ya pili.

Miche 30 inatosha? Inategemea unachotafuta. Sifa moja iliyojificha, kama ufupi wa shina, hujitokeza kwa mche 1 kati ya 4; ukipanda 11 una uhakika wa asilimia 95 wa kuipata. Ukitaka sifa mbili za namna hiyo kwenye shina moja, panda 47. Tatu zinadai 191, na hapo ni afadhali utafute mbili kwanza.

Angalia pia mizizi. F1 nyingi zina kinga ya minyoo fundo, wadudu wadogo wa udongoni wanaoivimbisha mizizi, na kinga hiyo haionekani kwa kutazama majani. Mavuno yakiisha, ng'oa kila shina lililokwisha kutolewa mbegu, osha mizizi, na bahasha ya shina lenye mafundo iweke kando. Fanya uchunguzi huu kwa mazao ya kipupwe, kwa sababu kinga hiyo hulegea udongo ukipita nyuzi joto 28, na mwezi wa Oktoba hata shina lenye kinga linaweza kuonekana halina.

Bwana shamba, shikamoo. Hapa kwetu kuna vinyanya vya kienyeji vinavyojiotea kando ya uzio, vidogo kama gololi, lakini havijui ugonjwa wala ukame. Nataka kuvichanganya na nyanya aina ya Cal J nipate nyanya ya sokoni yenye ugumu huo. Nimejaribu maua sita, yote yameanguka. (Msomaji, Mpunguzi)

Marahaba. Maua sita ni machache. Fanya 15 hadi 20 ukitarajia matunda manne au matano. Tena inaelekea ulifanya wakati wa joto. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku ukipita 21, chavua hudhoofika, na upepo wetu mkavu hukausha kile kijiti cha kike kabla hakijaipokea. Sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Aprili, maua yaje kati ya mwisho wa Juni na Julai. Cal J hutoa maua yake kwa mkupuo, basi isie kwa awamu mbili zilizopishana wiki mbili. Vinyanya vyako huchanua mfululizo, havitakupa shida.

Cal J iwe mama. Jioni, tafuta ua ambalo petali zake zimeanza kuchomoza, zina rangi ya manjano iliyofifia na bado hazijafunguka. Ua la manjano iliyokolea limekwisha kujichavusha, liondoe. Kichipukizi kidogo cha kijani kibichi nacho kiondoe, kijiti chake bado hakijakomaa. Bakiza maua matatu au manne kwa kila kichala, usiuchoshe mmea.

Chukua kibanio cha nyusi, kichovye kwenye spiriti, kiache kikauke. Ingiza ncha ubavuni mwa ile koni ya manjano iliyo katikati, karibu na kitako chake, uipasue na kuivuta polepole. Itatoka pamoja na petali, na utabaki kuona kijiti chembamba cha kijani kimesimama juu ya kifundo kidogo. Kijiti kikipinda, kikikatika au kikibadilika rangi kesho yake, ua hilo limekwisha. Sababu kubwa ya maua kuanguka, baada ya joto, ni kubana chini mno na kukijeruhi kifundo hicho.

Asubuhi, saa 2 hadi saa 4, chuma maua ya kinyanya yaliyofunguka kabisa. Yagongegonge juu ya kifuniko cheusi cha chupa mpaka uone unga mweupe unaoelekea manjano, ndiyo chavua. Usipoiona, anika zile koni kivulini juu ya karatasi hadi siku ya pili, kisha zitikise. Chovya ncha ya kijiti kwenye unga huo mpaka ishike. Rudia kesho yake. Kata sepali mbili za ua hilo (vile vijani vya kijani vilivyo kitakoni), alama ambayo itabaki hadi tunda liive, funga uzi wa rangi na uandike kwenye daftari: Cal J × kienyeji, na tarehe. Mama huandikwa kwanza.

Ndani ya wiki moja kifundo kikianza kuvimba, umefaulu. Tunda huiva siku 45 hadi 60 baada ya kuchavusha.

Utajuaje kwamba ni mchanganyiko kweli na si Cal J iliyojichavusha? Cal J ni fupi, hukoma kurefuka, na ufupi hujificha mbele ya urefu. Basi panda mbegu hizo: miche itakayopanda juu kama baba yake ndiyo ya mchanganyiko, itakayobaki mifupi ilijichavusha, itupe. Ndiyo maana tumekwambia Cal J iwe mama. Ungegeuza, usingeona tofauti.

Usihuzunike F1 ikizaa nyanya ndogo. Udogo wa tunda una nguvu kuliko ukubwa, na hata katika F2 tunda la saizi ya Cal J ni adimu. Njia ya mkato ni kurudishia: chukua chavua ya F1 uipeleke tena kwenye Cal J. Panda miche 20 au zaidi ya uzao huo. Nusu itakuwa mifupi na matunda yatakuwa yamenenepa. Kutoka hapo iache ijichavushe na uchague.

Tahadhari moja kuhusu ule ugumu. Kinyanya cha kando ya uzio huenda haugui kwa sababu tu kinakaa mbali na wenzake. Panda kinyanya hicho kwanza katikati ya nyanya zako, kwa umwagiliaji ule ule, ukione. Na uvumilivu wa ukame haukai kwenye jeni moja, yaani kipande kimoja cha urithi, kwa hiyo miche unayoichagua iteseke kidogo: ukiinywesha kila siku, utachagua inayopenda maji.

Nilikamua nyanya kwenye kopo nikaziacha siku tano zichachuke. Mbegu nyingine zimeota mizizi, nyingine zimekuwa nyeusi. Jirani anasema kuchachusha si lazima, nipake majivu tu. (Msomaji, Kongwa)

Siku tano ni nyingi mno, na pengine uliongeza maji. Ule utelezi unaoizunguka mbegu ndio unaoizuia isiote ndani ya tunda. Ukishayeyuka, mbegu iliyobaki majini huanza safari yake. Tumia tunda lililoiva hadi kulainika, likamulie kwenye chombo cha plastiki au kioo, usitie maji, koroga mara mbili kwa siku. Julai hutaka siku mbili hadi tatu. Oktoba siku moja na nusu hutosha. Ukiona ukungu mweupe juu na mbegu zimetua chini, maliza siku hiyo hiyo. Ongeza maji mara tatu ya ujazo, koroga, mwaga zinazoelea, suuza kwenye chujio.

Tandaza juu ya sahani, si juu ya gazeti wala tishu, zitaganda. Ziweke kivulini penye upepo na uzitawanye kwa vidole mara kadhaa siku ya kwanza. Bati lililo juani ni moto mno kwa mbegu mbichi. Baada ya wiki, mbegu inayovunjika badala ya kupinda imekauka.

Majivu ya jirani yana kazi yake baadaye: majivu makavu yaliyofungwa kwenye kitambaa, ndani ya chupa yenye kifuniko kinachobana, hunyonya unyevu. Hayaondoi utelezi wala vimelea.

Sisi ni kina mama 15, tunagawiana mbegu za nyanya kila mwaka. Mwaka huu wengine wanalalamika aina zimechanganyika, wengine wamepata ugonjwa. Tufanyeje? (Wasomaji, Veyula)

Haya ni malalamiko mawili tofauti. Kuchanganyika mara nyingi hutokana na bahasha zisizoandikwa. Nyanya nyingi za kisasa hazichanganyiki sana shambani. Mita tatu hadi tano kati ya aina zinatosha bustanini. Vinyanya vidogo, na aina ambazo kijiti chake huchomoza nje ya koni, ndizo hutembelewa na nyuki. Hizo funga kichala kwa kipande cha kitambaa cha shela kabla hakijafunguka, kitikise kila asubuhi, na matunda yakishafunga ondoa kitambaa na ufunge uzi.

Ugonjwa ni mzito zaidi, maana mbegu moja mbaya inaingia kwenye bustani 15. Pita shambani mara tatu, kabla ya maua, matunda yakiwa mabichi, na yakiiva. Shina lenye majani ya mabaka ya batobato, lenye vidonda kwenye shina au madoa kwenye tunda, lisitoe mbegu hata likizaa vipi. Likinyauka ghafla likiwa bado la kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi za maziwa zikishuka, ni mnyauko wa bakteria, na hapo tatizo liko kwenye udongo. Chukueni mbegu kutoka mashina matano au zaidi ya aina iliyotulia, si kutoka tunda moja kubwa. Tunda kubwa kwenye shina dhaifu linaweza kuwa limenufaika na samadi tu.

Kabla ya kugawa, mbegu zipitie maji moto: zifunge kwenye kitambaa, ziloweke dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 38, kisha dakika 25 kwenye maji ya nyuzi 50 kamili ndani ya chupa ya chai, mkipima kwa kipimajoto. Poza kwenye maji baridi, anika. Hii hupunguza bakteria, haiponyi virusi, na mbegu kuukuu huweza kufa. Jaribuni 20 kwanza.

Kisha pimeni uotaji: mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki, hesabuni siku ya nane. Zikiota chini ya 15, msizigawe. Kila bahasha iwe na mbegu 30, jina la aina, ni fupi au ndefu, rangi ya tunda, kizazi kama bado ni mchanganyiko, jina la aliyezalisha na mwezi wa mavuno. Aliyezalisha abaki na nusu ya akiba yake. Mkitaka kuuza, hilo ni jambo jingine: Sheria ya Mbegu ya 2003 inaiweka mbegu ya biashara chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, basi anzeni kwao.

Naweza kuchanganya nyanya na nyanya chungu? (Msomaji, Bahi)

Kwa chavua, hapana. Nyanya chungu ni ndugu wa bilinganya, na ua la nyanya halitashika mbegu kwake. Lakini unaweza kubebesha, kama wanavyofanya wakulima wa zabibu: kikonyo cha nyanya juu ya shina la bilinganya, miche yote ikiwa na unene wa njiti ya kiberiti. Sia bilinganya wiki moja kabla, kwa kuwa hukua polepole. Kata mshazari, kutanisha, bana kwa kipande cha mrija, weka kivulini chini ya plastiki penye unyevu kwa wiki moja. Bilinganya huvumilia mnyauko wa bakteria kuliko nyanya nyingi, ila mbegu utakayovuna juu ni ya nyanya ile ile uliyobebesha.