Je, ni kweli Burke ndiye aliyesema hivyo?
Ndugu muulizaji, usemi kwamba uovu hushinda pale watu wema wanapokaa bila kufanya lolote hauonekani popote katika maandishi yanayojulikana ya Edmund Burke, mwanasiasa na mwanafikra wa Uingereza wa karne ya 18, ingawa wanasiasa hupenda kumbandikia mzee huyo usemi huo kila wanapotaka kuhalalisha vita. Alichoandika kweli, katika kijitabu chake cha mwaka 1770 kuhusu manung'uniko ya kisiasa ya Uingereza, ni kwamba waovu wanapoungana, wema nao hawana budi kushirikiana, la sivyo wataanguka mmoja mmoja, wakiwa kafara isiyohurumiwa katika mapambano yasiyo na heshima. Hapo alikuwa akitetea vyama vya siasa, ambavyo wakati huo wengi waliviona kuwa magenge ya wenye tamaa. Aliyeukaribia zaidi usemi wenyewe ni mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, aliyewaambia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka 1867 kwamba waovu hawahitaji zaidi ya watu wema kutazama tu bila kutenda. Mimi naona maneno ya Burke yana uzito zaidi, kwa kuwa hayaishii kumlaumu mtu kwa ukimya wake, bali yanamdai ajiunge na wenzake, kazi iliyo ngumu kuliko kukemea peke yake.