Mgeni akiuliza mvinyo wa Valtellina

Mdogo wangu, nimekuelewa. Umeanza kazi ya uweita hapa Malindi, pombe hunywi, na Mwitaliano amekuuliza mvinyo wa Valtellina ukoje, ukakosa la kumjibu. Usijali. Mimi pia sinywi, na kazi hii nimeifanya miaka mingi.

Anza na bonde lenyewe. Liko kaskazini mwa Italia, mkoa wa Lombardia, na mto Adda hulipita ukielekea magharibi. Mizabibu mingi iko ng'ambo ya kaskazini, kwenye mteremko unaotazama kusini, ipate jua kutwa. Mteremko ni mkali, hivyo wenyeji wamejenga kuta za mawe yasiyo na saruji, ngazi juu ya ngazi, na zabibu huchumwa kwa mkono. Hapo usiharakishe ukimweleza mgeni. Jasho lile lastahili heshima.

Zabibu yao ni Nebbiolo, wao huiita Chiavennasca. Mvinyo wake ni mwekundu wa rangi hafifu, ukishika glasi vidole vinaonekana ng'ambo. Haujatiwa maji! Wanywaji husema unakausha ulimi, kama chai ya rangi iliyokolea.

Sforzato ni mvinyo mwingine wa bonde hilo: zabibu hukaushwa kwanza, na kileo hakipungui asilimia 14. Mwambie mgeni kabla hajaagiza, hasa anayeendesha gari. Anayetumia dawa amuulize daktari wake.

Na joto letu hili huharibu mvinyo, chupa usiziweke karibu na jiko. Ukifungua moja ikanuka boksi lililolowa, usibishane na mgeni. Mwite mkuu wa baa.