Uliza Mwalimu wa Lugha: Beck, Fell na Tarn

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi Bradford, Uingereza, huu mwaka wa pili, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Juzi bibi mmoja ananiambia kwa mvua hizi beck imefurika, mi nikadhani anamsema mtu, kumbe ni kijito cha nyuma ya nyumba. Alafu tumeenda matembezi milimani na watu wa kanisani, huko ndo nikachoka kabisa, mlima wanaita fell, maporomoko ya maji wanaita force, kiziwa cha mlimani tarn. Nimesoma Tanga mpaka fomu foo, haya maneno sijawahi kukutana nayo. Sasa mwanangu kaandika beck kwenye insha ya shule, nimwambie afute aandike stream? Si Kiingereza cha mtaani hiki?
Mama wa wawili, Bradford

JIBU: Marahaba mama. Usimwambie afute, tafadhali. Hilo neno lina zaidi ya miaka elfu moja hapo ulipo na halijaharibika popote.

Iko hivi. Mwaka 866 Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka Denmark na Norway, waliuteka mji wa York, na miaka kumi baadaye, 876, kumbukumbu za zamani za Waingereza zinasema wakagawana mashamba ya huko kaskazini wakaanza kulima. Hapo ndo pa kushika, kwamba walilima, walioa, walizaa, wakakaa. Mtu akishakaa mahali lazima akipe jina kile kijito anachochotea maji na kile kilima anachopandishia kondoo, na jina analitoa kwenye lugha ya mama yake. Kwao kijito ni bekkr, mlima ni fjall, maporomoko ni foss. Nenda Norway leo utasikia bekk, fjell na foss, karibu yaleyale anayoyasema huyo bibi yako. Kwa hiyo ile force ya milimani haina undugu wowote na force ya nguvu uliyofundishwa shule, zimefanana sura tu. Kuna moja inaitwa High Force kwenye mto Tees, maji yanadondoka kama mita 21, mkipata nafasi nendeni kipindi cha mvua.

Ukitaka kuyaona maneno haya yakiwa kazini mahali pamoja, nenda mlima Ingleborough, sio mbali sana na kwenu. Ubavuni mwake kuna kijito kinaitwa Fell Beck, yaani kijito cha mlimani, basi kinatiririka zake kwenye nyasi taratibu kabisa, ghafla ardhi inafunguka na maji yote yanatumbukia kwenye shimo la karibu mita 100 kwenda chini. Shimo lenyewe ni Gaping Gill. Gill ni korongo lenye maji, na hiyo g itamke kama ya gari. Mfaransa Martel, mchunguzi wa mapango, alishuka mpaka chini mwaka 1895 kwa ngazi za kamba, maji yakimpiga.

Ukienda kaskazini zaidi, Northumberland na Scotland, beck inapotea na kijito kinakuwa burn, hilo ni la Waingereza wenyewe wa zamani. Kusini kwenye mawe ya chokaa kuna winterbourne, kijito kinachopita majira ya baridi tu, kiangazi unakuta majani, sisi tungesema korongo la msimu. Devon wana tor, yale majabali yaliyokaa juu ya kilima kama yamepangwa na mtu. Yaani kila upande umeyapa jina maji na mawe yake jinsi yanavyofanya huko, na neno stream peke yake haliwezi kubeba yote hayo.

Alafu kuna kitu nataka umwambie mwanao. Hapo jirani yenu, Thackley, mwaka 1855 alizaliwa Joseph Wright. Alianza kazi angali mtoto mdogo, akafanya kazi kiwandani Saltaire, kusoma amejua akiwa na miaka kama 15. Huyohuyo akaja kuwa profesa Oxford na akatoa kamusi ya lahaja za Kiingereza, vitabu 6, kati ya 1898 na 1905. Maneno ya wakulima na wafanyakazi wa kwao ameyaandika humo kwa heshima ileile wanayopewa wafalme. Na chini ya barabara za katikati ya Bradford kinapita kijito kilichofunikwa, jina lake rasmi ni Bradford Beck. Mtoto ameandika jina la maji ya mji wake, mwalimu wake atalielewa vizuri tu.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mbona Uingereza mito mingi inaitwa Avon?
Mwanafunzi wa jiografia, Morogoro

JIBU: Kwa sababu avon maana yake ni mto, kwa lugha ya wenyeji wa kabla ya Waingereza. Wales mpaka leo mto ni afon. Wageni waliuliza hii nini, wakajibiwa mto, wakadhani ni jina. Kilima cha Pendle huko Lancashire ndo kimezidi, pen ni kilima, nusu ya pili ni kilima tena, na sasa wanaongeza hill mwishoni.

SWALI: Kwenye ramani ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, nimeona sehemu za maji zinaitwa broad. Ni maziwa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa macho ni maziwa, na watu wote waliamini ni ya asili mpaka miaka ya 1950, mtaalamu wa mimea Joyce Lambert alipotoboa udongo wa chini akakuta kuta zimesimama wima kama shimo lililochimbwa kwa jembe. Na kweli yalichimbwa. Miaka mia saba, mia nane iliyopita watu wa huko hawakuwa na kuni za kutosha, wakawa wanakata mboji nyeusi ya kinamasi, wanaianika, wanapikia. Baadaye maji ya bahari yalipanda, mashimo yakajaa. Broad ni pana, pale mto unapotanuka. Leo watalii wanapita na boti juu ya sehemu ambayo mtu alikuwa anachimba moto wa kupikia.