Jibu: Kerry alitaka Marekani iombe ruhusa kabla ya vita?

Mambo mkuu. Naona umekwama kwenye yale maneno ya John Kerry, mgombea urais wa Marekani, ya "mtihani wa dunia" kwenye mdahalo wake na Rais Bush wa 30 Septemba 2004, kama alimaanisha rais asubiri ruhusa ya UN. Mimi pia nilibishana hivyo hivyo na jamaa zangu mpaka nikasoma jibu lote, na hapo ndo uanzie. Kerry alianza kwa kusema hakuna rais aliyewahi kuachia haki ya kushambulia kwanza na yeye hataiachia, halafu ndo akaongeza kwamba wananchi wako waelewe sababu na uweze kuithibitishia dunia kuwa ni halali. Bush akakamata kile kipande tu akakigeuza kuwa kuomba kibali, siasa hizo bwana.

Pili, kuhusu vita vya Iraq, usichanganye maazimio ya Baraza la Usalama la UN. Azimio 1441 la Novemba 2002 lilipita 15-0, ila halikusema wazi "pigeni", lilisema Iraq itapata "madhara makubwa" ikikaidi, ndo maana Uingereza ikahangaikia azimio lingine Machi 2003 na Ufaransa ikatishia kura ya turufu, likaachwa bila kupigiwa kura. Linganisha na 678 la 1990 kuhusu Kuwait, lile lilikuwa na "njia zote zinazohitajika", yaani ruhusa ya kutumia nguvu za kijeshi.