Mitandao na kura za vijana: niliyoyaona Nyalenda

Ndugu, umeuliza kama TikTok na X zinawafikisha vijana kwenye debe, au ni makelele ya siku mbili. Mimi ni wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, Kenya, na katika uchaguzi mkuu wa 2022 nilikuwa ajenti wa mgombea katika kituo kimoja cha kura hapa.

Makelele hayo siyadharau. Juni 2024 vijana waliuchambua Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, kwenye simu, wakasambaziana namba za wabunge, kisha wakaingia barabarani, Kisumu ikiwemo. Wenzetu waliuawa. Tarehe 26 Rais Ruto akakataa kuutia sahihi.

Lakini kura ina masharti yake. Kwenye daftari la wapiga kura la 2022, wenye miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko 2017, ilhali simu zilikuwa mikononi. Vijana niliozungumza nao mtaani walizijua kampeni za Ruto na Raila, wapinzani wa urais, hatua kwa hatua. Ila huyu hana kitambulisho, yule aliandikishwa kwao Siaya na anaishi hapa, na muda wa kuhamisha kituo umeshapita. Mgombea wa MCA, mwakilishi wa wadi, hata jina hawamjui! Kila mtu hupiga kura sita, jamani, si ya rais tu, na taa za mtaani hupitia kwa huyo wa wadi.

Kilichotusaidia ni grupu la WhatsApp la mtaa. Msichana mmoja alikuwa akipitia kwa makarani wa usajili asubuhi, kisha anaandika: leo mashine iko shule fulani, foleni ni fupi, beba kitambulisho. Watu walitoka. Video za wasanii walizitazama tu.

Na usiku wa 9 Agosti, fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kituo, ilipobandikwa mlangoni, vijana waliipiga picha. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilipoweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, wakalinganisha ya kwetu tarakimu kwa tarakimu. Zilikuwa sawa, na uvumi kwamba kura za kituo chetu zimebadilishwa ukaishia hapo. Kazi hiyo naiheshimu kuliko hashtegi yoyote.

Usajili wa wapiga kura ulirejea Septemba 2025 katika ofisi za IEBC za maeneo bunge, na uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Kama unasoma Chuo Kikuu cha Maseno na uliandikishwa kwenu, amua mapema utapigia wapi, uende ukaombe uhamisho kabla daftari halijafungwa.