Wanafunzi 62, nakala nne: je, nidurufu tamthilia nzima?

Swali: Habari za kazi, wakili. Nafundisha Kiswahili sekondari ya kata huku Ukerewe. Kidato cha Tatu nina wanafunzi 62, na tamthilia tunayosoma ina nakala nne tu shuleni. Nikivuka kuja Mwanza kuna steshenari wanatoza shilingi 100 kwa karatasi na 1,000 ya kufunga. Mwenzangu mmoja anasema mwalimu anaruhusiwa kutoa kopi mradi asizidishe asilimia kumi ya kitabu. Mwingine anasema ukiwa unafundisha hakuna kikomo. Nani yuko sahihi? Na PDF tunazotumiana kwenye kundi la WhatsApp la walimu, je?

Jibu: Nzuri, mwalimu, na pole kwa mzigo. Wenzako wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja ana chembe ya ukweli.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Sura ya 218, inataja matumizi yasiyohitaji ruhusa ya mwandishi wala malipo, na kufundishia kumo. Shule nayo imeruhusiwa kudurufu kwa mahitaji ya kazi zake. Lakini asilimia kumi haimo humo. Ni hesabu ya stafu rumu, imesemwa mara nyingi mpaka ikaonekana kifungu. Sheria inapima vingine: ulichochukua kinalingana na hitaji la somo? Umetaja mwandishi na kitabu ulikotoa? Na kopi zako zinamnyima mwenye kazi soko lake la kawaida?

Hapo pa mwisho ndipo mpango wako unapokwama. Tuseme kitabu kina kurasa 88, mbili kwa kila karatasi. Ni karatasi 44, yaani shilingi 4,400, na kufunga 1,000. Kwa wanafunzi 58 wasio na kitabu utalipa 313,200. Fedha hiyo yote imekwenda kwa mwenye mashine, na wanafunzi 58 waliokuwa wanunuzi wa kitabu hawatakinunua tena. Kopi imekaa mahali pa kitabu, na hiyo hairuhusiwi hata nia ikiwa njema kiasi gani.

Mwandishi mmoja mzee aliwahi kuniletea ofisini diwani yake mwenyewe ya mashairi, aliyoinunua mezani kwa mchuuzi hapa mjini. Imefungwa kwa waya wa plastiki. Pembeni mwa kurasa kadhaa kimetokea kivuli cheusi cha kidole gumba cha aliyekuwa anakandamiza kitabu kwenye kioo cha mashine. Ukurasa wa pili umedurufiwa pamoja na maneno “haki zote zimehifadhiwa”. Mzee hakuwa na hasira. Aliniuliza tu kama kuna namna ya kujua zimeuzwa ngapi. Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali lake linaniuma.

Sasa, unachoweza kufanya bila wasiwasi. Chagua onyesho utakalolichambua wiki hii, toa kopi za kurasa hizo kwa darasa lako, na chini ya ukurasa wa kwanza andika jina la mwandishi, kitabu, mchapishaji na mwaka. Usilifanye onyesho la kwanza wiki hii, la pili wiki ijayo, hadi kitabu kiishe. Hicho ni kitabu kizima kwa mafungu. Nakala zako nne zigawe kwa makundi, wanafunzi wasome kwa sauti na kuigiza humo darasani. Tamthilia iliandikwa kwa ajili hiyo, na hapo hakuna kopi inayozaliwa. Uchambuzi wa wahusika na dhamira uliouandika kwa maneno yako ni wako, durufu utakavyo.

Kuhusu PDF: mtu akiskani kitabu kizima na kukirusha kundini, kila simu iliyokipokea ina nakala. Hilo si darasa tena, ni usambazaji. Vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka yenyewe kwenye maktaba mtandao yake visome huko huko. Watumie walimu kiungo badala ya faili.

Steshenari nao wanafanya biashara. Ruhusa ya kufundishia ni ya shule, haimfuniki anayerundika tamthilia zilizofungwa kaunta na kuziuza kwa kila apitaye.

Kuna kazi zilizo huru kabisa. Ulinzi wa hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo tungo zake unaweza kuzidurufu nzima. Angalia tu toleo: dibaji, maelezo au michoro iliyoongezwa baadaye ina wenyewe.

Na kama kweli huwezi kuendelea bila kitabu kizima, mwandikie mchapishaji. Taja kitabu, toleo, idadi ya wanafunzi na muhula, na sema wazi kwamba kopi hazitauzwa. Uliza pia bei ya nakala 30 kwa mpigo. Kwa ile 313,200 mna pa kuanzia mazungumzo, na wanafunzi wawili kwa kitabu kimoja wanasoma vizuri. Barua ipitie kwa mkuu wa shule. Jibu likija, liweke kwenye faili la idara, lisibaki kwenye simu yako, maana ukihamishwa atakayepokea darasa hilo atalihitaji.